Maswali ya Wasomaji: Mbona Sinema ya Vichekesho Inaniliza?

Katika toleo lililopita niliitaja kwa kupita tu filamu ya Kiingereza iitwayo Withnail and I, na barua zilizofuata zimenifanya niiachie safu nzima mwezi huu. Kwa ambao hawajaiona, ni filamu ya mwaka 1987, imeandikwa na kuongozwa na Bruce Robinson. Vijana wawili waigizaji wasio na kazi wanaishi katika nyumba chafu mtaani Camden Town, London, mwaka 1969 ukielekea ukingoni. Mmoja ni Withnail, mlevi, mwoga, muongo, na mwenye ulimi usiokauka maneno. Wa pili ndiye msimulizi wetu. Jina lake halitamkwi hata mara moja, ingawa katika mswada anaitwa Marwood, nami nitamwita hivyo. Baridi na uchafu vikiwazidi, wanaomba ufunguo wa nyumba ya shamba ya Monty, mjomba wake Withnail, huko kaskazini mwa Uingereza. Wanaenda, wanataabika, wanarudi. Basi.

*Dada, tulikuwa watu watano chumbani kwangu hapa Umoja tukiitazama kwenye kompyuta. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ilipoisha, wenzangu walianza kuulizana nani ashuke kununua chapati, nami nikashindwa kusema neno. Kitu kilinikaba kooni. Tangu siku hiyo wananitania kwamba nililia kwenye sinema ya kuchekesha. Je, niliielewa vibaya?*
*— Msomaji, Umoja*

Mdogo wangu, uliielewa barabara. Tuanzie hapo ulipokabwa koo, kwa sababu filamu nzima ilikuwa ikielekea hapo tangu dakika ya kwanza.

Marwood amepata kazi. Ameitwa kuwa mhusika mkuu katika mchezo wa jukwaani, zile nywele ndefu amezinyoa, na mkoba wake uko tayari. Withnail anamsindikiza mvuani wakikatiza bustani ya Regent's Park, mkononi ana chupa ya mvinyo ghali iliyotoka kwa mjomba wake. Angependa waende wakinywa mpaka stesheni. Marwood anakataa. Hamgombezi wala hamsomei makosa yake. Anamwomba tu, kwa upole, asije naye zaidi ya hapo, kisha anakwenda. Withnail anabaki kwenye ua wa bustani ya wanyama, na upande wa pili wa ua kuna mbwamwitu. Anawageukia wale mbwamwitu na kuanza kutamka maneno ya Hamlet, mchezo wa Shakespeare, pale mwana wa mfalme wa Denmark anaposema kwamba siku hizi, hata sababu haijui, furaha yake yote imempotea.

Ona jambo hilo lilivyo. Sinema iliyowavunja mbavu nyinyi watano inafungwa na mtu anayesema furaha imemtoka.

Na anavyoyasema! Kwa zaidi ya saa moja na nusu tumemwona akifoka, akilalamika, akidanganya polisi, akijipaka Deep Heat, dawa ya kuchua misuli, mwili mzima ili apate joto. Anajiita mwigizaji, lakini jukwaani hatujamwona, mazoezini hatujamwona. Mara ya kwanza tunapomwona akiifanya kazi yake ni hapo mvuani, na kumbe kazi anaiweza. Anaiweza sana. Hapayuki. Kila neno linapata uzito wake, anajua pa kupumua, anajua pa kushusha sauti. Kipaji alikuwa nacho wakati wote, na walioshuhudia ni wanyama nyuma ya chuma. Akimaliza anaondoka peke yake na mwavuli wake, na filamu imekwisha. Kama hapo hukukabwa koo, ningekuhofia.

Rudi sasa mwanzoni, kwenye sebule ya mjomba Monty kule Chelsea. Huyu Monty, aliyeigizwa na marehemu Richard Griffiths, ni mzee mnene, tajiri, anayependa mboga kuliko maua, na kila asemalo linachekesha. Katikati ya vicheko hivyo anasema kuna asubuhi moja ambayo kijana huamka na kujiambia, bila kujidanganya, kwamba hatamwigiza Hamlet kamwe, na siku hiyo hamu yake ya makuu hukoma. Watu humcheka Monty hapo kwa sababu ya lile pozi lake. Mimi pia hucheka. Lakini Robinson amekwisha kuipanda mbegu. Withnail anamwigiza Hamlet hatimaye, vizuri kuliko pengine alivyowahi kuota, asubuhi ile ile ambayo imemdhihirikia kwamba hakuna ukumbi utakaomngoja.

Katikati ya mbegu na mavuno kuna kitu kidogo ambacho watazamaji wengi hukipita. Wakala wake amempa nafasi ya kuwa mwigizaji wa akiba katika mchezo wa Chekhov, mwandishi Mrusi, na ameikataa kwa hasira. Yeye si wa kukaa pembeni akisubiri mwingine augue! Ukiwauliza waigizaji wanaopiga foleni ya usaili pale Kenya National Theatre, watakuambia kukataa kwa namna hiyo ni ugonjwa wanaoujua. Kijana akishajiona mkubwa moyoni, nafasi ndogo humuumiza kuliko kukosa nafasi kabisa. Huko kwa Withnail ndiko kicheko kinakotoka, na ndiko kilio kinakotoka. Maneno yake makali, ile lugha yake ya kifalme anapodai mvinyo bora kuliko yote duniani kwenye mkahawa wa chai uliojaa vikongwe, ni kipaji kilichokosa jukwaa kikaanza kujimwaga popote. Ndiyo maana nasema hukulia mahali pasipofaa. Mlichokicheka kwa pamoja ndicho wewe ulichokililia.

Nimeishi karibu na mambo haya, kwa hiyo niruhusu niyasemee. Kabla sijaajiriwa nilikuwa katika kundi la kuigiza vitabu teule mashuleni. Mnaokumbuka mnajua: gari la kukodi alfajiri, Machakos leo, Murang'a kesho, jukwaa ni meza za bwalo zilizosukumwa pamoja, na wanafunzi mamia wameshika kitabu wakifuatisha kwa kidole waone kama umeruka mstari. Malipo yakitolewa, kwanza mafuta, kisha gari, kisha maleba, kinachobaki mnagawana. Mtihani wa kidato cha nne ukianza, kazi inakatika mpaka mwaka mwingine. Miezi hiyo tulikuwa wawili kwenye chumba kimoja cha ploti Kariobangi South. Mwenzangu alikuwa bora kuliko sisi wote. Usiku, githeri ikiwa kwenye jiko, alikuwa akiuigiza mchezo mzima peke yake, wahusika wote, mfalme na walinzi wake na yule mama mjane, kila mmoja na sauti yake na mkao wake. Akina mama wa ploti waliacha kufua wakaja kuegemea mlango. Kule mashuleni alipewa mistari michache, maana kufika kwa wakati kulimshinda na kujishusha kulimshinda zaidi. Mimi nilipata kazi ya mshahara nikahama. Kipaji nilichokiona kwenye chumba kile hakuna kamera iliyowahi kukinasa, na hakuna mkosoaji atakayekiandika.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba Bruce Robinson naye alikuwa akimwandika mtu halisi, sishangai. Robinson alianza kama mwigizaji. Alikuwa Benvolio katika Romeo and Juliet ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1968, halafu kazi ikawa adimu, na njaa ya Camden aliijua tumboni mwake. Mmoja wa aliokaa nao nyumba moja alikuwa Vivian MacKerrell, mwigizaji aliyesomea, mcheshi, mnywaji, aliyepata kazi chache mno maishani. Withnail kwa sehemu kubwa alitokana naye. MacKerrell alifariki mwaka 1995 kwa saratani ya koo. Watu wanaolikariri kila neno la Withnail duniani ni wengi kuliko waliowahi kumwona MacKerrell jukwaani, na jambo hilo hunijia kila ninapoitazama filamu hii.

Hadithi yenyewe Robinson aliianza kama riwaya, na katika toleo hilo la awali Withnail alijiua mwishoni. Aliubadilisha mwisho huo na nashukuru aliubadilisha. Kifo kingetupa ruhusa ya kulia, kuzika na kwenda zetu. Mtu anayeondoka mvuani akiwa hai, kesho ana kodi ya kulipa na sufuria tupu, huyo huwezi kumzika, na unatoka naye nje ya ukumbi.

Waambie pia wenzako hili. Pesa za filamu zilitoka kwa HandMade Films, kampuni ya George Harrison wa Beatles na mshirika wake Denis O'Brien. O'Brien alipoona picha za siku za mwanzo alilalamika kwamba hazichekeshi. Robinson alishikilia pale pale: hakutaka mwigizaji yeyote atafute kicheko. Withnail hajui kama anachekesha. Njaa inamuuma kweli, baridi inampiga kweli, na wakala wake hampigii simu kweli. Sisi ndio tunaocheka. Hali hiyo ingechezwa kwa kukonyeza macho, wewe usingenyamaza mwishoni na mimi nisingekuwa na barua ya kujibu.

*Dada mwandishi, mimi ni mwanafunzi, nakaa Ngara. Nimeisikia ikisifiwa nikaitafuta. Dakika arubaini na hakuna kilichotokea! Nikalala. Watu wanaipendea nini?*
*— Msomaji, Ngara*

Kuhusu hadithi uko sahihi. Ukipanda matatu hapo Ngara, utakuwa umemaliza kumsimulia jirani yako kila kitu kabla hamjafika Globe. Wanaondoka, kunanyesha, hakuna chakula, mjomba anawafuata, inakuja telegramu ya kazi, wanarudi wanakuta barua ya kufukuzwa nyumbani.

Ilipotoka haikuleta vishindo kwenye kumbi. Ilipata wapenzi wake taratibu kwa kanda za video, hasa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo walioishi wanne wanne kwenye nyumba mbovu na kujiona mle ndani. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipopanga filamu 100 bora za nchi hiyo, hii ilishika nafasi ya 29. Filamu ya aina hii hupendwa kama nyumba ya nyanya: hakuna anayekwenda kule kutafuta jambo jipya. Unarudi kwa ajili ya chumba kile, sauti zile, mstari fulani unaojua unakuja.

Mfano ni kuku. Wako shambani, njaa imewakolea, wanapata kuku. Ni mzima, ana macho, anawatazama. Vijana wawili wanaoweza kukukaririia Shakespeare hawajui waanzie wapi. Mtoto wa darasa la nne huko kwetu angekuwa amemaliza shughuli hiyo kabla maji hayajachemka, ndiyo maana Wakenya hucheka hapo kuliko Waingereza wenyewe. Lakini tazama uso wa Paul McGann, anayemwigiza Marwood. Anamhurumia yule kuku na anamtamani, vyote kwa wakati mmoja, na hasemi lolote la kuchekesha. Ukipata hapo, umeipata filamu.

Halafu kuna mwaka wenyewe. Robinson hakuchagua 1969 kwa kubahatisha. Miaka ile vijana wa London waliamini dunia inageuka, nywele zimefugwa, muziki umebadilika, vita vitakwisha. Mwishoni mwa filamu Danny, muuza dawa za kulevya mwenye sauti ya kukokota, anaeleza kwamba nywele bandia za mtindo wao sasa zinauzwa dukani Woolworths. Hilo tu. Alama ya uasi imewekwa rafuni pamoja na sabuni na sahani. Danny ni mchekeshaji mle ndani, na Ralph Brown anamwigiza vizuri ajabu, lakini yeye ndiye anayeutangaza msiba wa muongo mzima. Wakenya wenye umri wa wazazi wako wanaifahamu ladha hiyo. Waulize kuhusu siku zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2002, watu walivyokuwa wakitembea barabarani, kisha waulize ilichukua muda gani kupoa.

Nakuomba uianze upya usiku mmoja ukiwa hujachoka, uzisikilize kwa makini dakika za kwanza. Marwood amekaa peke yake anavuta sigara, hajalala. Muziki ni saksofoni ya King Curtis, Mmarekani, akipiga A Whiter Shade of Pale mbele ya watu katika ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, Machi 1971. Mwezi Agosti mwaka huo huo King Curtis aliuawa kwa kisu nje ya jengo lake New York. Si lazima ulijue hilo ili usikie huzuni iliyo kwenye ala ile, lakini ukilijua hutaisikia tena kama zamani. Kabla mtu hajatamka neno la kuchekesha, Robinson amekwisha kukuambia umekaa kwenye filamu gani.

*Dada, niliitazama na mume wangu. Zile sehemu za mjomba Monty kumsumbua Marwood usiku zilinikera. Yeye alicheka, mimi sikuweza. Nifanyeje na sinema ninayoipenda nusu?*
*— Msomaji, South C*

Dadangu, usijilazimishe kucheka. Mtu mzima mwenye nguvu na mali anamwingilia chumbani kijana ambaye hataki, kijana anajifungia kwa hofu. Ukiipenda filamu kwa dhati unaweza kusema wazi kwamba hapo inakwaruza, na inakwaruza zaidi leo kuliko mwaka 1987. Mimi pia huwa sicheki hapo.

Ila nakuomba uangalie nani hasa amemkosea Marwood. Monty alidanganywa. Ili apewe ufunguo wa nyumba, Withnail alimwambia mjomba wake mambo ya uongo kuhusu rafiki yake, akamfanya mzee aamini kwamba kijana yuko radhi ila anaona haya. Kwa maneno mengine alimuuza mwenzake kwa ajili ya paa la siku chache, na hakumwambia. Marwood anapoujua ukweli, urafiki unapata ufa ambao hauzibiki, na ile asubuhi ya mvua kule bustanini inaanzia hapo. Usiku huo huo Monty akishaona alivyokosea anaondoka kimya, anaacha barua ya kuomba radhi. Mzee yule amekuwa mpweke miaka mingi, katika nchi ambayo mpaka mwaka 1967 sheria ingemfunga kwa kupenda wanaume, na mpwa wake mwenyewe amemfanyia mchezo. Griffiths anaibeba aibu ile kwa heshima. Wewe mkasirikie, ni haki yako, halafu msomee barua yake tena.

Kwa mumeo sina neno. Muulize alicheka nini, mzungumze. Ni mazungumzo mazuri kwa jioni.

*Je, naweza kuitazama na watoto wa shule ya msingi?*
*— Msomaji, Donholm*

Hapana. Matusi ni mengi, bangi ipo, pombe ni tele. Subiri wafike chuo. Wewe mwenyewe itazame na manukuu ya Kiingereza yakiwa yamewashwa, kwani Withnail huongea mbio na lafudhi ya watu wa tabaka lake, na nusu ya utamu iko kwenye maneno.

*Mama mwandishi, kijana wangu wa chuo ameniambia yeye na wenzake wana mchezo: kila Withnail akinywa, nao wanywe kile kile. Anaona ni jambo la kufurahisha. Mimi baba yake alikufa kwa pombe. Ningependa umwambie kitu, mimi hanisikii.*
*— Mama, Kawangware*

Mama, pole. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikairudia jioni.

Mchezo huo upo kweli, na haukuanzia Nairobi. Umezunguka vyuo vingi kwa miaka. Ni hatari: mtu mmoja hawezi kunywa kwa muda wa filamu moja vitu vyote anavyokunywa Withnail akaamka salama. Kuna mahali pombe inamwishia anakunywa mafuta ya kujazia kiberiti. Mwanao akiona hapo pana jambo la kuiga, basi amekuwa akitazama chupa na si mtu aliyeishika.

Yafuatayo ni yake, mpe asome.

Kijana wangu, aliyemwigiza Withnail ni Richard E. Grant, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Hanywi pombe. Mwili wake hauipokei, akinywa anaugua. Robinson alimtaka alewe walau mara moja kabla ya kupiga picha ili ajue hali yenyewe ilivyo, akalewa, akaugua vibaya. Ulevi wote unaouona ni kazi ya mikono, macho na miguu ya mtu mkavu. Lile tukio la mafuta ya kiberiti, mazoezini kwenye kopo mlikuwa na maji. Siku ya kupiga picha Robinson aliyabadilisha kwa siki bila kumwambia, na ule uso unaouona ni wa mtu aliyeshtuka kweli.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Grant hakuhitaji kufundishwa. Alizaliwa mwaka 1957 Mbabane, katika Swaziland ya wakati huo, nchi inayoitwa sasa Eswatini, baba yake akiwa mkuu wa elimu katika serikali ya kikoloni. Mchana baba huyo alikuwa mtu wa kuheshimiwa na kupendwa. Usiku akinywa aligeuka mtu mwingine, na mtoto aliyaona yote. Mwaka 1969, ambao Withnail anayumbayumba Camden kwenye filamu, Grant halisi alikuwa mvulana huko kusini mwa bara letu anayesikiliza hatua za baba yake mlangoni ajue ni yupi kati ya wale wawili anayeingia. Ukijua hivyo, angalia tena macho ya Withnail akishika glasi. Yale si macho ya mzaha. Yule anamwigiza mtu aliyempenda.

Mwaka 2005 Grant aliongoza filamu yake mwenyewe kuhusu utoto huo, Wah-Wah, akaipigia picha Swaziland kwenyewe. Gabriel Byrne ndiye baba, na Nicholas Hoult ndiye mtoto akiwa kijana. Kuna vichekesho humo pia, vya Wazungu wa kikoloni wanaohangaika na mchezo wao wa kuigiza huku uhuru wa 1968 ukikaribia, na kuna baba anayelewa. Mama yako naye aliishi na mtu wa namna hiyo, na ameniandikia mimi nisiyemjua kwa sababu anaogopa.

Mwambie akae nawe muitazame Wah-Wah nyumbani, na chai. Withnail mtairudia baadaye, wiki nyingine, glasi zikiwa kabatini. Mama, ikishindikana kumkalisha, niandikie tena, nami nitamwandikia yeye moja kwa moja.